Mgongo wa Oiva na Birika la Kisiwani

Mwaka ule majira ya joto yaliangukia Jumatano, na Jumatano hiyo Oiva Kärppä alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, akilitazama jua likipita dirishani kama mtu mwenye haraka zake. Alhamisi ikanyesha. Ijumaa ikanyesha. Ikanyesha wiki iliyofuata na mwezi uliofuata, hadi vyura wa Ziwa Haukkanen wakawa wanapanda ngazi za nyumba za watu kuomba hifadhi. Hayo ya vyura aliyasema Oiva mwenyewe, na watu wa ziwa lile walimjua vizuri: neno la Oiva uligawe kwa kumi, na kinachobaki ukianike kwanza kabla ya kukitumia.

Alikuwa na miaka sabini na miwili, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha karatasi, na hadithi zake zilikuwa na chumvi ya kutosha kukausha samaki wa ziwa zima. Lakini hasira ya mwaka huo haikuhitaji chumvi. Kulikuwa na ahadi.

Kila mwaka tangu waoane, yeye na mkewe Saimi walipiga makasia hadi kisiwa kidogo kilicho katikati ya ziwa, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Huko, kwenye tawi la mti, lilining'inia birika jeusi ambalo hakuna mtu mwingine aliyeligusa. Walichemsha kahawa, wakala mkate mtamu wa iliki, kisha Saimi akachukua msumari na kukwaruza alama moja ubavuni mwa birika. Alama zilikuwa arobaini na sita. Hakuna mwaka uliorukwa, hata ule ambao Saimi alikuwa na mimba ya siku za mwisho na Oiva akarudi nyumbani kwa kasi iliyofanya makasia yatoe moshi.

Sasa Jumanne ya wiki iliyofuata Saimi alikuwa aende hospitali ya mjini, akatolewe nyonga yake mbovu na kuwekewa ya chuma. Daktari alikuwa amesema waziwazi: baada ya hapo asikanyage mashua mpaka mwakani, na pengine asikanyage tena kabisa.

"Juni ulisema goti," Saimi alimwambia jikoni, akikata viazi kama anavikomoa. "Julai ukasema wageni. Agosti ukasema upepo. Hii Septemba, Oiva. Umebakiza kusema nini? Theluji?"

"Si mimi, mama. Ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa haikuniahidi kitu. Uliniahidi wewe."

Oiva alichukua kofia akatoka nje kuangalia anga.

Si kwamba hakujaribu. Jumatatu ya wiki hiyo alishuka ziwani alfajiri akakuta ukungu mzito, mzito hivi kwamba alipoegemeza kasia hewani lilisimama lenyewe. Jumanne upepo wa magharibi uliyapanga mawimbi kama matuta ya viazi. Jumatano palitulia. Wakaingia mashuani, kapu likawekwa, Saimi akakaa nyuma na mto wake wa nyonga, na walipofika katikati ya njia anga likafunguka na kumwaga mvua ya mawe. Si makubwa, kama njegere, lakini yalijaza kapu. Walirudi wamelowa, mkate wa iliki umekuwa uji. Alhamisi asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na mibetula ya ufukweni, ile miti ya magome meupe iliyokuwa kijani juzi tu, ilikuwa imegeuka manjano nusu kwa nusu, kama imeanza kuvaa ikakatizwa.

Alhamisi hiyo jioni redio ikasema: Jumamosi jua na utulivu, siku ya mwisho ya joto mwaka huu. Jumapili dhoruba kutoka kaskazini, na nyuma yake baridi.

"Jumamosi!" Oiva aliruka kitini. "Umesikia, Saimi? Jumamosi!"

Saimi aliinua kidole kuelekea kalenda ukutani. Jumamosi ilikuwa imezungushiwa duara jekundu.

Msaragambo.

Kila Jumamosi ya pili ya Septemba watu wote wa ufukwe ule hukusanyika. Wanatoa magati yote majini, kipande kwa kipande, na mashua zote wanazibeba hadi kwenye banda la pamoja, kabla barafu haijafika kuvibana na kuvivunja. Saa sita wanakula supu ya njegere kwa Kauko Puurtinen, mwenyekiti, kisha wanaendelea hadi jioni. Asiyekuja hagombezwi. Hapo ndipo ubaya ulipo. Hakuna anayemwambia kitu; ila mpaka Mei, kila akiingia dukani, maongezi yanakatika, na watu wanaanza kusoma maandishi ya kwenye makopo. Upande wa pili wa ziwa kulikuwa na bwana mmoja aliyekosa msaragambo miaka tisa iliyopita kwa ajili ya mpira wa barafuni. Mpaka leo jina lake halitajwi. Anaitwa "yule."

"Si tuwaambie ukweli tu," Saimi alisema. "Tuseme tuna safari yetu asubuhi, tutakuja baadaye."

"Tuwaambie! Kauko abebe mbao za gati langu, mimi niko katikati ya ziwa nakunywa kahawa? Niombe ruhusa kama mtoto wa shule? Mtu haombi kitu kama hicho, Saimi."

"Basi tutakosa."

"Hatukosi. Niachie mimi."

Saimi alipolisikia hilo "niachie mimi" alifumba macho kidogo. Alikuwa amelisikia kwa miaka arobaini na saba.

Mpango wa Oiva ulikuwa huu: atasema mgongo umemshinda. Watu huanza kazi saa tatu mwisho wa ufukwe, kwa Puurtinen, na kwake huwa wanafika alasiri. Saa sita wote watakuwa mezani, visogo vyao vikiwa upande wa ziwa. Hapo ndipo mashua itakapochomoka. Kisiwa kina upande wa nyuma usioonekana kutoka ufukweni. Saa nane watakuwa wamerudi, yeye yuko kitandani anaguna.

Ijumaa akapiga simu.

"Kauko. Mgongo."

Kauko Puurtinen alikuwa mtu wa maneno machache. Ilisemekana aliyokuwa nayo alirithi, na hakutaka kuyamaliza. "Umefanyaje?"

"Umekataa kabisa. Siwezi hata kuinama kuvaa soksi."

"Pole," alisema Puurtinen, akakata simu.

Oiva alibaki na simu mkononi. Uongo wake ulikuwa umepita kirahisi hivi kwamba karibu aone ametukanwa.

Jumamosi ilipambazuka, na lo! Ziwa lilikuwa limelala kama sinia la fedha. Mibetula ilikuwa ya manjano juu na ya manjano majini, usijue upi mti na upi kivuli chake. Ndege mmoja wa majini alilia mbali, na sauti yake ikasafiri ziwa zima bila kugonga kitu. Oiva alisimama dirishani akiwa amejifunga kitambaa cha sufu kiunoni kwa ajili ya macho ya watu, akasugua mikono.

"Siku yetu hii, mama. Weka kahawa."

Saa mbili na nusu akasikia injini. Kisha sauti za watu. Kisha buti, buti nyingi, kwenye changarawe yake mwenyewe.

Alifungua mlango wa kibaraza, akakumbuka kuinama, akainama. Puurtinen alikuwa amesimama ufukweni kwake na watu tisa, wamevaa mabuti marefu ya mpira, na mashua ya Puurtinen yenye injini ya kuvutia magati ilikuwa imeegeshwa pembeni.

"Tumeona tuanze na wewe," alisema Puurtinen. "Mgonjwa kwanza."

"Aa, hapana!" Oiva alipaza sauti. "Hapana, jamani, mnajisumbua! Anzeni kwenu kama siku zote. Langu nitalitoa mwenyewe baadaye!"

"Na mgongo huo?" mtu mmoja akauliza.

"Umepata nafuu kidogo."

"Nenda kalale, mzee. Usituaibishe."

Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumpenda. Gati lake, mbao kumi na nne alizozipigilia mwenyewe, lilitoka majini kipande kwa kipande, watu wakiimba na kuhesabu. Halafu wanne wakaishika mashua yake.

"Hiyo iacheni!" Oiva alishuka ngazi mbili bila kuinama, akakumbuka, akainama tena. "Hiyo mashua ina... ina rangi mbichi! Itawachafua!"

Kijana mmoja wa jirani akapitisha kidole ubavuni mwa mashua, akakitazama. "Imekauka, babu. Usiwe na wasiwasi, tutaihifadhi kuliko zote. Tunaiingiza ya kwanza, ndani kabisa, isipigwe na theluji."

Ya kwanza, ndani kabisa. Oiva alijua maana yake. Katika banda lile mashua hupangwa kwa kupandishana, na juu ya ile ya kwanza zingekuja kumi na moja. Aliisindikiza kwa macho ikipanda kilima mabegani mwa watu wanne, tumbo juu, kama samaki aliyekufa.

Angeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka. Lakini watu tisa walikuwa wanamtazama kwa huruma, na huruma ya watu wa ziwa lile ni kitu adimu. Huipati mara mbili kwa mwaka. Mdomo ukafungwa.

Na hapo akatokea Elvi Hakkarainen.

Elvi alikuwa muuguzi mstaafu, mikono yake kama makoleo, na alikuja na fungu la matawi ya mbetula, chupa ya mafuta yenye harufu ya lami, na uso wa mtu aliyepata kazi. "Nimewasha sauna yako tayari," alisema. "Vua."

"Elvi dada yangu, kwa kweli..."

"Vua, Oiva. Mimi nimeona migongo mia nane. Wako hautanitisha."

Alimlaza kwenye benchi la chumba kile cha mvuke, ndani ya taulo lake, akamwaga maji juu ya mawe ya moto mpaka masikio ya Oiva yakawa yanajikunja. Kisha akamchapa kwa matawi ili damu itembee. Kisha akampanda mgongoni kwa kiwiko.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Ndipo penyewe! Pamekufa ganzi. Na hapa?"

"Aaai! Hapo panauma!"

"Unaona? Pote pabovu."

Kupitia kidirisha cha sauna, kidogo kama bahasha, Oiva aliona kipande cha ziwa. Hakikutikisika. Jua lilikuwa limekaa juu yake kama mtu mwenye nafasi. Siku nzuri kuliko zote za mwaka ilikuwa inapita nje, dakika kwa dakika, naye amelala kifudifudi anapigwa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Alitafuna ncha ya taulo.

Alitoka saa sita kasoro, mwekundu, ananuka kama daraja jipya. Watu walikuwa wamekwenda kwenye supu. Ufukwe ulikuwa mtupu, maji matupu, na pale gati lilipokuwa zilibaki nguzo nne tu. Saimi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, amevaa koti lake la mashuani na kofia ya sufu, fimbo pembeni, kapu magotini. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi.

Oiva alingoja agombezwe. Angegombezwa angepumua.

"Kahawa nimeshaitia kwenye kopo," Saimi alisema taratibu, bila kugeuka. "Niirudishe kabatini?"

Hapo kitu fulani kilimkatika Oiva, na hakikuwa mgongo. Alishika njia ya kwa Puurtinen, amenyooka kama mlingoti, akitembea kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana.

Meza ndefu ilikuwa imewekwa uani. Watu ishirini na zaidi walikuwa wanakula supu ya njegere, wameitia haradali. Vijiko vilisimama.

"Jamani," Oiva alisema. "Mgongo wangu hauna kitu. Nilidanganya. Nataka mashua yangu."

Alikuwa hajawahi kusema jambo fupi hivyo maishani mwake. Watu walitazamana.

"Homa imepanda," alinong'ona mmoja.

"Si homa! Mimi ni mzima! Sijawahi kuumwa mgongo tangu nizaliwe!"

"Oiva," alisema Puurtinen kwa upole. "Mwaka jana samaki alikuvuta mpaka kanisani."

"Ule ulikuwa uongo!"

"Na radi ilikupiga mara mbili," Elvi akaongeza kutoka mwisho wa meza, "ukawa unashika redio ya Uswidi kwa meno."

"Huo nao uongo! Lakini hili la kweli, jamani, la leo ni la kweli!"

Kicheko kikaenda meza nzima, kicheko cha mapenzi kabisa. "Mwanamume huona aibu kuugua," alisema mama mmoja akipangusa macho. "Mpeni kiti. Mpeni na supu."

Oiva aliangaza huku na huku kama mtu anayezama. Karibu na banda la kuni lilikuwepo gogo la kupasulia, gogo la msonobari ambalo Puurtinen mwenyewe huliviringisha tu. Aliliendea. Akainama, mpaka chini, kila mtu aone. Akalikumbatia, akakaza meno, akaliinua hadi kifuani.

"Mnaona?" alipaza sauti, uso kama kiazi chekundu. "Mnaona sasa?"

Waliona. Vijiko vilishuka. Na hapo hapo Oiva akasikia kiunoni mwake sauti anayoijua vizuri, sauti ya barafu ya Aprili inapopasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Gogo lilianguka. Oiva alibaki pale pale alipo, amejikunja kama ndoano.

"Nilisema mimi!" Elvi alisimama. "Sikusema? Pote pabovu!"

Saimi alikuwa amefika kwa fimbo yake, akihema. Alimtazama mumewe, akatazama gogo, akawageukia watu. "Jumanne nakatwa nyonga," alisema. "Baada ya hapo sipandi mashua. Kila mwaka tunakwenda kisiwani, na leo ndiyo siku pekee iliyobaki, kwa hiyo huyu akadanganya mgongo ili tuwatoroke wakati wa supu. Sasa amekwisha kuuvunja kweli. Ndiyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Saimi hakuwa na sifa ya chumvi.

Puurtinen aliweka kijiko chini, akakipanga sawasawa kando ya bakuli. "Kwa nini hamkusema?"

"Huyu alisema haiwezekani kuomba."

Puurtinen akafikiri. "Tungeanza Ijumaa," alisema.

Maneno mawili tu. Oiva, aliyekuwa amejikunja anatazama vidole vya miguu yake, aliyasikia yakiingia mwilini kama kiwiko cha Elvi. Wiki nzima ya ukungu na mvua ya mawe na hesabu za visogo, kumbe dawa yake ilikuwa maneno mawili.

Mashua yake ilikuwa chini ya nyingine kumi. Iliyobaki majini ni moja, ya Puurtinen, ambayo hutolewa mwisho siku zote kwa sababu ndiyo inayovuta magati. Puurtinen alisimama, akavaa kofia. "Twende," alisema. Akang'oa injini. Kwa safari kama hiyo, alisema, hazifai kelele.

Wakambeba Oiva watu wanne, wale wale walioibeba mashua yake, wakamlaza sakafuni upande wa mbele, kichwa kwenye mto wa nyonga wa Saimi. Saimi alikaa nyuma. Katikati, pale alipokaa Oiva miaka arobaini na sita, alikaa Kauko Puurtinen na kuanza kupiga makasia.

Kutoka pale chini Oiva aliona vitu viwili: anga, na mgongo wa Puurtinen, mpana, mzima, ukienda mbele na kurudi bila kuguna.

"Anakwenda upande sana," Oiva alisema. "Kauko, vuta kulia."

Puurtinen hakuvuta kulia.

"Saimi, kisiwa kinafananaje?"

"Kimekuwa manjano."

"Manjano kama nini?"

Saimi akafikiri. "Manjano tu."

"Manjano tu! Mungu wangu! Mwanamke ana macho mawili na mdomo mmoja, anasema manjano tu! Mti mmoja umewaka kama moto? Majani yameanguka majini? Kuna ndege?"

"Majani yapo. Usijitikise, utaumia."

Walipofika, wawili hao walishuka, Saimi ameshikwa mkono. Oiva alibaki ndani ya mashua iliyofungwa kwenye jiwe, hatua kumi kutoka kwenye birika lake. Alisikia vijiti vikivunjwa. Alisikia kiberiti. Harufu ya kahawa ikapita juu ya pua yake kwenda kwingine. Kisha akasikia Saimi akicheka, cheko lile la zamani la kutoka tumboni, ambalo hakulisikia tangu Juni.

"Amesema nini?" alipiga kelele. "Kauko, umesema nini?"

"Hamna kitu," alijibu Puurtinen.

"Mtu hacheki hamna kitu!"

Juu, mbali sana, korongo walipita wakielekea kusini, mstari mrefu uliopinda, wakipiga kelele zao kama milango mibovu. Aliwahesabu hadi sitini na tatu. Alijua akisema sitini na tatu watu watagawa kwa kumi, na wazo hilo lilimuuma kuliko kiuno. Nyuma yao kulikuja wingu, na pembeni mwa mashua maji yakaanza kupigapiga: upepo ulikuwa umegeuka kaskazini, nusu siku mapema kuliko redio ilivyosema.

Saimi alirudi na kikombe. Nusu ya kahawa iliingia mdomoni, nusu shingoni. Mkate wa iliki alilishwa vipande vipande, kama kifaranga.

"Kauko ametumia kikombe kipi?" aliuliza akitafuna.

"Kula."

"Changu, siyo?"

"Kula, Oiva. Mvua inakuja."

Tone la kwanza lilimpiga katikati ya paji la uso. Saimi alifuta kwa kiganja chake, kisha akainama kwa shida, akishikilia ukingo wa mashua, akamwekea birika juu ya tumbo. Bado lilikuwa la moto. Akamtia msumari mkononi.

"Kwaruza wewe mwaka huu."

"Huwa unakwaruza wewe."

"Siwezi kuinama tena. Kwaruza."

Oiva alikwaruza akiwa amelala, haoni vizuri, mkono ukipigwa na kuyumba kwa mashua. Msumari uliteleza mara mbili. Saimi alichukua birika, akaligeuza kwenye mwanga uliokuwa unapungua. Alama arobaini na sita zilikuwa zimesimama wima, nadhifu, kama uzio. Ya arobaini na saba ilikuwa imelala chali.

"Imepinda," alisema.

"Nimelala chini, mwanamke! Ulitaka iweje? Lete, niifute, niirudie."

Saimi aliliondoa birika mbali na mkono wake. "Iache," alisema. "Nitaijua ni ya mwaka gani."